Gharama ya Kuruka kwa Starehe: Je, ni Israfu?

Ndugu msomaji, mtu akisimama Nyasho, hapa mjini Musoma, wakati wa asubuhi, pengine husikia mngurumo juu ya mabati, na mara watoto hukimbia nje kutazama. Ni ndege ndogo ya injini moja, inayokuja katika uwanja wa mji wetu au inayopita kwenda zake upande wa Serengeti. Wachuuzi wa sokoni huinua macho mara moja, kisha hurudia mafungu yao ya dagaa. Lakini yuko kijana mmoja, fundi wa pikipiki, ambaye harudishi macho upesi hivyo. Yeye huitazama ndege mpaka imekuwa nukta, na mpaka nukta yenyewe imepotea.

Kijana huyo ni miongoni mwa wale wanaokuja kwetu jioni kuuliza habari za dini. Siku moja aliniuliza hivi: "Mzee, kama Mwenyezi Mungu akinijalia mali ya halali, nikajifunza kurusha ndege, nikawa naruka siku za mapumziko kwa furaha tu, pasipo kubeba mgonjwa wala mzigo, je, nitakuwa nimekosa?" Kabla sijafungua kinywa, wawili waliokuwapo walimjibu. Mmoja alisema, "Mali ni yako, nani atakuuliza?" Wa pili alisema, "Hiyo ni israfu, na israfu ni haramu, maneno yamekwisha." Mimi niliwaomba wanipe muda, kwa sababu niliona ya kwamba majibu yote mawili yalikuja mbio mno. Makala hii ndiyo jibu langu, nami naliandika kwa ajili yako pia, maana swali hili linamhusu hata mtu ambaye hatagusa ndege maisha yake yote.

Kwanza hapana budi tujue tunazungumzia gharama ya namna gani. Ndege ndogo inayojulikana zaidi duniani ni Cessna 172, yenye viti vinne, ambayo ilianza kuundwa katika miaka ya 1950, na zimeundwa zaidi ya 40,000. Ikiwa mpya, bei yake leo imepita dola 400,000 za Kimarekani. Hunywa lita 30 hivi za mafuta kwa saa, na si petroli ya pikipiki bali mafuta maalumu ya ndege za pistoni, ambayo katika sehemu nyingi za Afrika ni ghali na ni adimu. Huko Marekani, ambako ndege ndogo ni nyingi kuliko popote, kukodi moja kwa saa moja tu mara nyingi hugharimu dola 150 au zaidi. Tukikadiria dola moja kuwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 375,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali ya Tanzania kuanzia Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Basi saa moja ya kuzunguka angani na kurudi pale pale ulipotoka hula robo tatu za mshahara huo. Na anayetaka leseni ya rubani wa ndege binafsi hutakiwa awe ameruka saa zisizopungua 40, na wengi huhitaji zaidi kabla hawajafaulu. Saa 40 kwa bei hiyo ni shilingi milioni 15, yaani mshahara wa miaka miwili na nusu, na hapo mwalimu wa urubani bado hajalipwa, wala daktari wa kumpima macho na moyo.

Lakini hayo ndiyo mepesi. Kijana wetu, kwa kuwa ni fundi, alielewa upesi jambo ambalo watu wengi hawalioni: ndege hugharimu hata inapolala. Pikipiki ukiifungia ndani mwezi mzima haikudai kitu. Ndege inadai banda, inadai bima, inadai ukaguzi wa kila mwaka hata kama haikuruka, na injini yake ina idadi ya saa zilizopangwa na waliyoiunda, kwa kawaida 2,000 hivi, ambazo zikitimia hapana budi ifunguliwe yote na kufanywa upya kwa fedha nyingi. Kutu nayo haingoji. Injini isiyowashwa huharibika kwa kutowashwa. Kwa hiyo mwenye ndege anayeruka saa 20 kwa mwaka hulipa kwa kila saa fedha nyingi kuliko anayeruka saa 200, kwa maana yale madai ya kulala yanagawanywa kwa saa chache. Hapo ndipo panapozaliwa hila ya nafsi. Mtu hujiambia: nikiruka zaidi, kila saa itakuwa rahisi. Basi huruka zaidi ili apunguze gharama, na mwisho wa mwaka amelipa nyingi kuliko zamani, naye anajiona ameweka akiba! Nimeona hila hiyo hiyo kwa watu wenye magari, na kwa watu wenye mashamba ya fahari yasiyovunwa kitu.

Sasa tuwarudie wale wawili walionitangulia.

Aliyesema "mali ni yako" amesema nusu ya kweli. Naam, mali ya halali ni ya mwenyewe, na hakuna mwenye haki ya kumnyang'anya. Walakini dini haikutufundisha ya kwamba sisi ni wamiliki wa mwisho. Sisi tu watunzaji wa amana, na mtunzaji huulizwa alichokipata alikipata wapi, na huulizwa pia alikitumia katika nini. Hata nje ya dini watu hulijua jambo hili. Wakazi wa Mara hawahitaji kuambiwa habari za mwana wa Butiama aliyesoma shule ya Mwisenge, hapa hapa Musoma. Mwezi wa Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, yakiwemo makato ya mshahara, Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mshahara ule ulikuwa wake kwa sheria. Wala hakuna aliyemwambia ni mwizi. Lakini aliona ya kwamba halali ya sheria siyo swali la mwisho mtu anapoishi kati ya watu wengine.

Aliyesema "ni haramu, maneno yamekwisha" amekosea kwa njia nyingine, na kosa lake latuhusu zaidi sisi watu wa dini, kwa sababu ndilo kosa letu la kila siku. Amedhani ya kwamba israfu maana yake ni ughali. La hasha. Wanachuoni wametenga maneno mawili: israfu ni kupita mpaka katika jambo lenyewe halali, na tabdhiri ni kutawanya mali mahali pasipostahili. Katika maneno hayo yote mawili bei haikutajwa. Imesimuliwa ya kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alimkataza sahaba mmoja kufuja maji ya udhu hata kama angekuwa kando ya mto unaopita. Maji ya mto ni bure! Basi yawezekana israfu ikawepo pasipo senti moja kutumika, na yawezekana gharama kubwa sana ikawa si israfu. Anayeuza ng'ombe zake zote ili mtoto wake apasuliwe moyo hakufanya israfu. Anayenunua pombe ya shilingi mia tano amefanya tabdhiri.

Wala si kweli ya kwamba furaha yenyewe ni kosa. Sisi sote tunajua ya kwamba Mtukufu Mtume s.a.w. alishindana mbio na Bibi Aisha, mara moja akashindwa na mara nyingine akashinda, na mbio zile hazikuwa na faida ya biashara. Na ama kuruka, Kurani Tukufu yenyewe inatuelekeza kuwatazama ndege wanavyokunjua na kukunja mbawa angani, na kumtambua Mwingi wa rehema anayewashikilia. Sioni vipi mtu aliyeamriwa kutazama atalaumiwa kwa kutamani. Katika Andalusia, karne ya tisa, alikuwako Mwislamu mmoja wa Cordoba, Abbas bin Firnas, ambaye husimuliwa kuwa alijivika manyoya na mbawa akaruka kutoka mahali pa juu, akaenda kitambo, kisha akaumia katika kutua, kwa sababu hakujifanyia mkia. Watu wa Nyasho niliowasimulia habari hiyo walicheka sana, lakini hakuna aliyesema kuwa alikosa.

Kama ughali si kipimo, na furaha si kosa, je, kipimo ni nini? Wengine husema: kipimo ni mfuko wa mtu. Shilingi laki nne ni mali kwa fundi pikipiki, lakini kwa tajiri ni kama ndizi ya njiani. Hoja hii ina nguvu, lakini ukiifuata mpaka mwisho itakufikisha mahali pabaya, kwani itakuwa tajiri mkubwa hawezi kabisa kufanya israfu, na kadiri anavyozidi utajiri ndivyo anavyozidi kutakasika. Mimi sikubali. Hapana budi kuna jambo jingine la kuangalia mbali na mfuko, nami nimeliona vizuri zaidi katika visa vya watu kuliko katika hoja.

Katika Afrika Mashariki urukaji wa starehe ni wa zamani. Klabu ya marubani ya Nairobi, Aero Club of East Africa, iliundwa mwaka 1927, na mwaka 1929 Bibi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege ambayo jina lake limebaki katika uwanja wa Wilson mpaka leo. Miongoni mwa walowezi waliopenda kuruka alikuwako Mwingereza Denys Finch Hatton, mwindaji wa matajiri, aliyekuwa na ndege yake ndogo ya Gipsy Moth. Alimrusha rafiki yake, mwandishi Karen Blixen, juu ya vilima vya Ngong, na wote wawili waliona ni raha isiyo na kifani. Tarehe 14 Mei 1931, baada ya kwenda Voi kujaribu kuwatafuta tembo kwa ndege, aliruka, akazunguka, na ndege ikaanguka na kuwaka moto. Finch Hatton alikufa. Tena alikufa pamoja naye mtumishi wake, Mkikuyu aliyeitwa Kamau.

Ndugu msomaji, tusimame hapa kidogo. Kaburi la Finch Hatton liko Ngong, na juu yake pana mnara; wageni huenda kulitazama, na filamu ya mwaka 1985 imelijulisha duniani kote. Kamau hutajwa kwa nusu ya sentensi, kwa jina moja tu, na katika vitabu vingine hata jina hilo halimo. Mafuta ya safari ile aliyanunua Finch Hatton. Ndege ilikuwa yake. Lakini kuna sehemu ya gharama ambayo haikuandikwa katika daftari lake, nayo ililipwa na mtu ambaye furaha ile haikuwa yake. Kama Kamau aliulizwa apande au asipande, na kama mtumishi wa mwaka 1931 angeweza kumwambia bwana wake "sipandi", hilo kila mmoja wetu ajijibu.

Hapo ndipo nilipoanza kufahamu. Tunapouliza "kuruka kunagharimu kiasi gani?" tunauliza swali la muuza duka. Swali la dini ni "nani analipa?" Mara nyingi anayelipa si yule aliyetoa noti. Hulipa mke anayeambiwa ada ya shule ingoje. Hulipa mzazi kijijini. Hulipa mdai aliyechoka kupiga simu.

Usidhani ya kwamba nataka kukuambia ya kuwa ndege ni njema ikifanya kazi na ni mbaya ikifanya starehe. Natamani ingekuwa rahisi hivyo. Mwaka 1957 madaktari wapasuaji watatu, mmoja wao Michael Wood, walianzisha huduma ya madaktari waendao kwa ndege, ambayo sote twaijua kwa jina la AMREF. Wood mwenyewe alikuwa rubani. Ndege yake ilinguruma kama ile ya mtu wa klabu, ikanywa mafuta kama hiyo, ikadai banda na ukaguzi kama hiyo. Nani atasema ilikuwa ghali, hali mtu aliyeungua au mama mwenye uzazi mzito alikuwa akifikiwa kwa saa moja badala ya siku mbili za barabara? Lakini ustadi wa urubani haukui peke yake porini kama ubuyu. Hukuzwa na vilabu, na waalimu, na mafundi ambao mishahara yao ililipwa kwa muda mrefu na watu walioruka kwa raha zao. Beryl Markham, ambaye mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mpaka Kanada, alijifunza urubani kwa kuupenda. Halafu akabeba barua, abiria na madawa katika Kenya. Halafu akawatafutia wawindaji tembo kwa ndege. Mtu yule yule, ustadi ule ule. Raha ilizaa msaada, na ilizaa pia mauti ya tembo.

Na karibu nasi zaidi kuna kisa cha Michael Grzimek na baba yake Bernhard, Wajerumani waliokuja na ndege iliyopakwa milia ya punda milia ili kuwahesabu wanyama wa Serengeti. Walihesabu zaidi ya 350,000. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, kijana wa miaka 24, aligongana na tumbusi angani, ndege ikaanguka, akafa. Amezikwa kwenye ukingo wa bonde la Ngorongoro, na baba yake aliyekufa mwaka 1987 amelazwa kando yake. Je, ile ilikuwa kazi au ilikuwa raha? Nadhani ilikuwa vyote viwili, wala sidhani Mwenyezi Mungu huwalaumu watu kwa kuipenda kazi yao. Lakini gharama aliyoilipa baba yule haimo katika orodha ya bei ya ndege yoyote.

Leo hii, katika mkoa wetu huu huu wa Mara, starehe ya angani inauzwa kila alfajiri. Huko Seronera yapo maputo makubwa ya hewa moto, ambayo yameruka Serengeti tangu mwaka 1989. Mgeni hulipa dola 600 hivi kwa saa moja ya kuelea juu ya nyumbu, kisha huandaliwa chakula porini pamoja na mvinyo. Na kwenye mvinyo hatutamfuata. Dola 600 ni shilingi milioni moja na nusu, mishahara mitatu ya kima cha chini. Wako wanaosema: hiyo si israfu, kwa sababu vijana wetu hupata kazi ya kukunja puto na kuendesha magari, na hifadhi hupata ada. Ni kweli, na vijana hao na waheshimiwe kwa jasho lao. Lakini mtu asijidanganye kuwa ametoa sadaka kwa kuwa raha yake ilimwachia mwingine ujira. Ujira ni haki ya aliyefanya kazi. Sadaka ni kitu kingine. Mgeni yule amenunua raha, na amelipa bei yake, basi. Kama nyumbani kwake hakuna aliyenyimwa haki ili yeye aelee, mimi sina la kumlaumu, ijapokuwa nakiri ya kwamba nilipoambiwa bei hiyo mara ya kwanza nilinyamaza kitambo.

Nilimjibu kijana wetu namna hii. Nilimwambia: Kuruka kwa furaha si haramu. Lakini kabla ya mtu kulipia saa ya kwanza, na atazame walio na haki juu ya mali yake, nao si wageni bali ni watu anaowajua kwa majina: wazazi, mke, watoto, mdai, jirani mwenye njaa, na zaka ikiwa imempasa. Hao wakiwa wamepata haki yao, kinachobaki ni chake, na hata akikitumia angani sitamwita mfujaji. Nikamwambia pia ajihadhari na kile chombo kinachodai hata kinapolala. Kukodi saa moja ni kununua raha, ukishaimaliza umeimaliza. Kumiliki ni kuajiriwa na kitu. Siku utakapojikuta unaruka kwa sababu tu banda limeshalipiwa, na mwanao anakungoja nyumbani, basi siku hiyo wewe ndiwe unayeendeshwa, na tena pasipo leseni.

Alicheka kwa neno hilo la leseni, kwa kuwa trafiki wa mjini wanamfahamu. Kisha akanyamaza, akahesabu kwa vidole. Akasema ya kwamba baba yake, mvuvi wa Mwigobero, anadaiwa fedha za nyavu tangu mwaka jana, na kwamba deni hilo ni karibu sawa na saa mbili za ndege. Hakusema zaidi juu ya deni. Aliinuka, akajipangusa vumbi la goti, na alipofika mlangoni akageuka kuniuliza ile ndege ya viti vinne hubeba abiria wangapi ukimtoa rubani. Nikamwambia watatu. "Basi saa moja tukichanga wanne," akasema, "haifiki hata laki moja kila mtu."